Msaliti, Mtoro au Mwasi? Lugha ya Vita vya Handeni na Korogwe

Mfasiri wa habari za vita hukabiliwa na tatizo lisilomsumbua sana mfasiri wa sayansi: maneno anayoyapokea yamekwisha kuchukua upande kabla hajaanza kazi. Tatizo hili linaonekana wazi katika kitabu cha Kiingereza, Marching on Tanga, kilichochapishwa mwaka 1917. Mwandishi wake, Francis Brett Young, alikuwa daktari katika jeshi la Waingereza lililoteremka kando ya mto Pangani mwaka 1916.

Jina la kitabu lenyewe laweza kumpotosha msomaji. Korogwe ilitekwa katikati ya Juni 1916, na Handeni siku chache baadaye. Lakini safu kuu haikuelekea Tanga, bali kusini, hadi mto Lukigura, palipopiganwa tarehe 24 Juni.

Kosa jepesi kuliko yote ni la hospitali. Neno la Kiingereza ambalo sisi tumelizoea kwa maana ya gari la wagonjwa, katika jeshi la wakati ule lilitaja kikosi kizima: madaktari, wachukuzi wa machela, mahema na dawa. Mfasiri akiandika "gari la wagonjwa" atakuwa ameliingiza gari mahali ambapo majeruhi alibebwa mabegani. "Kikosi cha tiba cha medani" ni sahihi zaidi.

Neno "propaganda" lina utata mkubwa zaidi. Kiswahili kinalo pia neno "uenezi", ambalo kwetu lina heshima. Matokeo yake ni kwamba habari zetu huitwa uenezi na za wenzetu huitwa propaganda. Mwaka 1914 Sultani wa Uturuki alitangaza jihadi, na Wajerumani, waliokuwa washirika wake, wakalitumia tangazo hilo kuwavuta Waislamu wa nchi hii katika vita vya Kaisari Mkristo. Waingereza nao walikuwa na wito wao. Mfasiri mwaminifu hana budi kuzipa kauli za pande zote mbili jina moja.

Kiini cha hoja yetu ni askari aliyebadili jeshi. Wafasiri wengi humwita "msaliti", wengine "mtoro", wengine "mwasi", kana kwamba maneno haya ni visawe. Sivyo. Mtoro huacha kazi au kikosi akaenda zake. Ndiyo maana mwalimu humwita hivyo mwanafunzi asiyefika shuleni. Mwasi huikataa mamlaka na kuipinga. Msaliti huivunja imani aliyowekewa, na neno hilo ni hukumu tayari.

Sasa tulipime neno hili la mwisho. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha Sita cha King's African Rifles, na askari wake wengi walikuwa wamewatumikia Wajerumani na kutekwa. Je, walimsaliti nani? Bwana wa kwanza hakuwa wao, wala wa pili. Hata neno "adui" linahitaji tahadhari: kwa mkulima wa Kizigua, majeshi yote mawili yalihitaji chakula chake na mabega ya vijana wake. Kwa hiyo tunapendekeza maelezo yasiyo na hukumu: "askari aliyehamia jeshi la upande wa pili". Ni marefu, lakini urefu ni gharama ndogo kuliko kumbandika babu wa mtu jina la aibu katika kitabu cha shule.

Mwisho ni suala la mapenzi. Mwaka 1918 Young alitoa riwaya, The Crescent Moon, iliyowekwa katika koloni hilo la Wajerumani. Penzi lililo kiini chake ni la Wazungu. Lakini wanawake wa Kiafrika waliwafuata askari wa Wajerumani vitani, wakapika, wakabeba mizigo na kuzaa njiani. Vitabu vya Kiingereza huwaita kwa neno ambalo, likifasiriwa sisisi, huwa "wafuasi wa kambi". Tafsiri hiyo inawafuta. Walikuwa wake za askari, na Kiswahili kina neno hilo tangu zamani.

Istilahi sanifu haitoshi kueleweka. Sharti pia iwe ya haki. Walimu na wafasiri wanaombwa wayapime maneno haya kabla hayajakomaa katika vitabu vyetu.