Taadhima kwa Wajenzi wa Kamango

Kila nchi hujenga kwa ilichoruzukiwa: Lamu na Unguja zilijaaliwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamuru upana wa vyumba, na hata Oman, nchi yenye uhaba wa miti, iliziagiza boriti hizo hizo kwa majahazi. Rasilimali ya Kamango, katika uchifu wa Watalinga, mashariki mwa Kongo mpakani na Uganda, ni miti, fito na udongo. Na mafundi wake, wanaosimika nguzo, wakafunga fito, kisha wakakandika ndani na nje, wanastahiki taadhima kubwa kuliko wanayopewa na sisi tunaoyahusudu matofali ya kuchoma ya mji wa Butembo. Mwezi wa Julai 2013, waasi wa ADF walipoushambulia mji wa Kamango, maelfu ya raia walikimbilia Bundibugyo, Uganda, wengi wakilala chini ya maturubai. Kwa wanaorejea, nyumba ya matofali iliyobomoka hungoja fedha. Ya udongo (mradi paa lipatikane) hungoja majirani tu. Basi wafadhili wajao na michoro yao wawatake shauri mafundi hawa kwanza.