Karata za Kubishana: Nani Anayehukumu?

Tukisikia neno karata, wengi wetu twafikiri mara moja juu ya fedha iliyopotea na ugomvi wa usiku. Leo twataka kusema juu ya karata za namna nyingine, zilizotungwa Marekani, ambazo hazichezwi kwa fedha. Juu yake hamna mfalme wala malkia, bali majina ya vitu ambavyo watu huvipenda na kuvisemasema: filamu, nyimbo, vitabu, watu mashuhuri. Watu watano au sita huketi mezani, huzigawana, kisha hubishana.

Je, mchezo wa namna hii wafaa? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na mchezo ni pumziko lake. Lakini aliweka mipaka: tusitafute furaha katika maneno machafu au yenye kudhuru, tusipoteze utulivu wote wa akili, tena mchezo ulingane na watu, mahali na wakati. Mzani huo ni mwema. Sisi twauongezea swali moja linaloletwa na karata hizi zenyewe: ubishi ukiisha, nani anahukumu, na kwa sababu gani?

Tuanze na Apples to Apples, uliotolewa mwaka 1999. Mwamuzi aweka mezani karata yenye neno la sifa, tuseme zuri au la kutisha. Kila mmoja wa wengine atoa kwa siri karata yenye jina la kitu au mtu anayeona yalingana na neno lile. Mwamuzi achagua moja, kisha zamu ya kuamua yaenda kwa jirani yake. Kabla hajachagua, wachezaji wana ruhusa ya kumshawishi, na hapo mwamba ngoma huvutia kwake. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba wakufundisha kumjua mwenzako: jibu linalompendeza bibi halimpendezi mjukuu. Ubaya wake ni kwamba mwamuzi hadaiwi sababu. Akicheka, amekwisha kuhukumu, na ubishi umekufa.

Umbo hilo lilichukuliwa na Cards Against Humanity, uliotoka mwaka 2011. Watungaji wake wenyewe wautangaza kuwa mchezo wa watu wabaya. Karata nyingi ni za aibu, na mara nyingi ashindaye ni yule aliyethubutu kupita wenzake. Hatusemi kwamba wachezaji wote wana nia mbaya. Wengi wafurahia tu kucheka pamoja juu ya lisilosemwa. Lakini angalieni: karata ndiyo imesema, mchezaji ameiweka tu mezani. Hivyo hakuna anayejibu kwa neno lile. Na yule anayechekwa mara nyingi hayupo, wala hana wa kumtetea.

Mwaka huohuo wa 2011 ulionekana The Metagame, kazi ya Colleen Macklin, John Sharp na Eric Zimmerman. Walianza kuuchezesha San Francisco, katika mkutano wa watengenezaji wa michezo ya video, na mwanzoni ulihusu michezo hiyo tu. Baadaye ukapanuliwa, ukaingiza vitabu, filamu, sanaa, na vitu vingine vingi vilivyotengenezwa na watu. Karata zake ni za aina mbili: nyingine zabeba vitu hivyo, nyingine zabeba maoni na maswali ya kuvipima. Basi watu wawili wakishindana juu ya swali moja, kila mmoja hutetea karata yake, na wenzao husikiliza. Hapa kicheko hakitoshi. Mtu atake asitake, itampasa kusema "kwa sababu". Akidai kwamba filamu fulani yafundisha zaidi kuliko picha ya kale, itampasa kwanza kujua kufundisha ni nini. Ndivyo ubishi mdogo unavyofungua swali kubwa. Kwa maoni yetu, huu wapita ile mingine. Lakini nao una kasoro: mwenye ulimi mwepesi aweza kumshinda mpole aliyefikiri zaidi.

Wa mwisho ni Black Card Revoked, uliotolewa mwaka 2015 na Latesha Williams na Jay Bobo, kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Jina latoka katika mzaha wao: ni kana kwamba kila mmoja ana kadi ya kushuhudia kwamba yeye ni wao kweli, na asiyejua filamu au wimbo unaojulikana na wote atanyang'anywa. Maswali huja pamoja na majibu ya kuchagua. Mengine yana jibu moja la haki. Mengine hayana, na jibu ni lile linalochaguliwa na wengi mezani. Tunausifu, kwani huwakutanisha wazee na vijana, wakakumbushana mambo ya kwao. Lakini tumfikiri kijana aliyelelewa mbali, asiyeiona filamu ile. Atacheka pamoja na wote, huku moyoni akijiuliza kama kweli ni wao. Wengi waweza kuamua ni wimbo gani unaopendwa. Hawawezi kuamua ni nani aliye ndugu.

Sisi huku Kongo twajua desturi ya barza: mzee mwenye busara hakati shauri kabla ya kusikia pande mbili, na akikata hutaja sababu. Kwa hiyo vijana wa parokia wakitaka mchezo kama huu, hawana haja ya kununua cha mbali. Wachukue karatasi na kalamu, waandike majina ya nyimbo, filamu na vitabu wanavyovijua, kisha waweke sheria mbili. Ya kwanza: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia sababu yake mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema, wasomi wa zamani wa Ulaya walikuwa na desturi hiyo katika mabishano yao. Ya pili: mwamuzi asihukumu bila kueleza. Mchezo utakwenda polepole kidogo, lakini yule mpole atasikiwa. Naye aliyeshindwa akiondoka mezani akiwa bado rafiki, jioni ile haikupotea.