Prokirasyo nayo ina mwisho

Wasomi wenzangu wa Kirolirwe, niseme wazi: sisi tunajua kuanzisha uwakala, kuumaliza hatujui. Mwenye shamba anakimbia vita, anafika Goma, anamwachia msimamizi prokirasyo ya kuangalia malisho, kukodisha, hata kuuza. Miaka inapita, mwenye mali anakufa, na ile karatasi ingali inatembea mfukoni mwa mtu kama vile marehemu angali anaisaini.

Sheria yetu ya mikataba, dekre ya 30 Julai 1888, haikubali hivyo. Uwakala unaisha mwenye mali akiuvunja, wakala akiukataa, ao mmoja wao akifa. Ni kusema, wakala akisha kujua kifo, hana tena haki ya kuuza; wenye neno ni warithi.

Ninachokosoa zaidi ni desturi ya kuvunja kwa simu tu. Ukimwambia wakala peke yake, mnunuzi ambaye hakujua anaweza kulindwa na sheria, na wewe utabaki kumdai wakala. Andika barua, chukua tena karatasi yako, julisha shefu, majirani na ofisi ya hati za ardhi. Na wakala umrudishie pesa aliyotumia kwa kutengeneza uzio; akiondoka na deni, ataondoka na kinyongo pia.

Tusingoje mpaka tufike tribinali. Ile prokirasyo mzazi wako alisaini, iko kwa nani leo?