Daftari la Bei na Heshima ya Sifuri

Ipo kazi isiyo na karakana wala ujira, ambayo mtu huifanya kwa sababu tu ameipenda: kuandika bei za hisa kila siku ya soko. Soko la Hisa la Dar es Salaam likishafunga, hutoka taarifa ya siku. Humo mna bei ya kufungia ya kila kampuni, idadi ya hisa zilizouzwa, thamani ya mauzo, na maombi ya kununua na ya kuuza yaliyobaki bila kupata mwenzake. Wengi huisoma kwenye simu, wakaona iliyopanda na iliyoshuka, wakaendelea na shughuli zao. Mwenye daftari huandika tarehe, kisha akajaza safu zake moja baada ya nyingine. Mimi ni mmoja wa hao wenye daftari, na ninaisifu kazi hii kwa jambo ambalo wasaka faida ya haraka hawana muda nalo: inamfundisha mtu kuziheshimu siku ambazo hakikuuzwa kitu.

Ukoo wa kazi hii ni mrefu. Huko Japani, soko la mchele la Dojima mjini Osaka lilitambuliwa rasmi na watawala mwaka 1730, na wafanyabiashara wa mchele wakajenga desturi ya kufuatilia bei kwa makini. Jina linalohusishwa zaidi na desturi hiyo ni la Munehisa Homma wa Sakata, na grafu za mishumaa zinazotumika leo duniani kote huhesabiwa kuwa urithi wa masoko yale. Nchini Marekani, Charles Dow alichapisha wastani wake wa kwanza mwaka 1884, kampuni 11 tu, nyingi zikiwa za reli. Tarehe 26 Mei 1896 alianza wastani wa kampuni 12 za viwanda. Hesabu yake ilikuwa ya kalamu na karatasi: jumlisha bei, gawa kwa idadi. Msingi wa fahirisi mashuhuri kuliko zote ni mtu aliyekaa chini kila siku akajumlisha.

Soko letu ni changa. Biashara ilianza tarehe 15 Aprili 1998, kampuni ya gesi ya TOL ikiwa ya kwanza kuorodheshwa. Hadi leo kampuni ni chache kiasi kwamba zote zinaenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Anayekuja na vitabu vya New York hukata tamaa upesi. Mshumaa wa grafu huchorwa kwa bei nne: ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Kwa kampuni zetu kadhaa, siku nyingi bei zote nne ni moja, na mshumaa unageuka kistari. Vitabu hivyo havina sura kuhusu vistari. Sura hiyo sharti uiandike mwenyewe.

Chukua kampuni ya sigara, TCC, yenye hisa milioni 100. Kwa muda mrefu bei yake ilisimama kwenye shilingi 17,000. Zidisha, upate thamani ya shilingi trilioni 1.7. Kampuni ya bia, TBL, nayo iliganda kwenye 10,900 kwa muda mrefu vilevile. Anayetazama safu ya bei peke yake ataona utulivu, tena ataona kampuni imara isiyotikiswa na lolote. Lakini sogeza jicho hadi safu ya hisa zilizouzwa: sifuri, sifuri, hisa chache, sifuri. Bei ile haikuwa imetulia. Ilikuwa imeachwa hapo na mnunuzi wa mwisho, na matrilioni yote yakaning'inia kwenye muamala mmoja mdogo wa zamani.

Mpima mvua huandika sifuri siku ya jua kali kwa uangalifu uleule anaoandikia siku ya masika, kwani bila sifuri zile hakuna atakayejua kiangazi kilikuwa kirefu kiasi gani. Ndivyo ilivyo kwa daftari la bei. Sifuri ni kipimo. Aliyeiruka kwa kuwa "leo hakuna kitu" amefuta nusu ya historia ya soko lake.

Tena sifuri hazifanani, na hapa ndipo utamu wa kazi ulipo. Ipo siku ambayo hisa hazikuuzwa kwa sababu wauzaji wamepanga foleni na hakuna mnunuzi. Safu ya ofa za kuuza imejaa, safu ya maombi ya kununua ni tupu. Ipo siku nyingine ambayo wanunuzi ndio waliojaa, na wenye hisa wamezikumbatia hawataki kuziachia. Na ipo siku ambayo pande zote mbili ni kimya. Bei katika siku hizo tatu ni ileile, wala kichwa cha habari hakitazitofautisha. Mwenye daftari anazitofautisha, na wiki zikipita anaona foleni ya upande mmoja ikipungua taratibu kabla bei yenyewe haijajongea.

Upo pia ukimya wa amri. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa kwenye soko la Nairobi Julai 2020, bei ikiwa shilingi 3.83 za Kenya, na hazikurudi sokoni hadi Januari 2025. Kwa miaka hiyo yote mwenye hisa alikuwa na bei ya kutaja lakini hakuwa na mlango wa kuuzia. Ukiandika 3.83 bila kuandika pembeni sababu ya kusimama kwake, umeandika namba isiyo na maana.

Kampuni hiyo imeorodheshwa Dar es Salaam pia, pamoja na nyingine za Kenya kama EABL na KCB, nazo zinaleta somo jingine. Soko letu lina fahirisi mbili kubwa: ya kampuni zote, na ya kampuni za ndani peke yake. Bei za kampuni za Kenya hufuata Nairobi, zikigeuzwa kuwa shilingi ya Tanzania. Kwa hiyo fahirisi ya kwanza inaweza kushuka siku ambayo hakuna mtu Dar es Salaam aliyeuza hata hisa moja kwa hasara. Anayeandika fahirisi zote mbili bega kwa bega haulizi tena "kwa nini soko limeshuka?" Anauliza kwanza: lipi?

Daftari hutakiwa pia kutunza kalenda. Gawio hulipwa kwa yule ambaye jina lake limo siku ya kufunga rejista ya wanahisa. Anayenunua baada ya hapo ananunua hisa isiyo na gawio hilo, na ni haki bei ipungue. Tarehe hiyo isipoandikwa kando ya bei, miaka miwili baadaye mtu ataliona poromoko pale palipokuwa na malipo halali.

Nimesikia ikisemwa kwamba programu hufanya haya yote kwa sekunde. Ni kweli programu huhifadhi, na sasa mtu hununua hisa kwa simu yake kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Lakini mkono unaoandika sifuri hulazimika kuijua, na jicho linaloshuka safu pole pole hukutana na kile ambacho halikukitafuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walimzungumzia mwenye mali. Mimi ninaongeza kwamba soko zima ni mali ya wengi, nalo linahitaji watu wa kuliandikia habari zake.

Hisa za benki ya NMB zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na za benki ya CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150, walionunua hawakuwa matajiri peke yao. Watu wa kawaida waliweka akiba zao humo, na hisa zao zitarithiwa. Siku moja mjane au kijana atamuuliza jirani: hizi zina thamani gani? Atakayemsomea bei ya leo atakuwa amemjibu nusu. Aliyetunza daftari ataweza kumwambia pia kama hisa hizo zina wanunuzi, huchukua muda gani kuuzika kwa wingi alionao, na kama ni busara kungoja gawio kwanza. Jibu hilo halipatikani siku linapohitajika. Hukusanywa kabla, siku baada ya siku, pamoja na zile ambazo hakuna aliyeuza. Kwa hiyo, anayetaka kuanza na achague kampuni tatu, achore safu za bei, hisa zilizouzwa, maombi ya kununua na ofa za kuuza, na asiache hata safu moja wazi.