Pasipo na Kitufe: Namna ya Kuipima Kibodi ya Simu

Kibodi nzuri ya simu utaijua kwa sehemu zake zisizo na kitufe. Herufi zenyewe zimekaa karibu pale pale tangu mashine za kuchapa za miaka ya 1870, na hakuna kampuni kubwa iliyothubutu kuzihamisha. Ustadi wa mbunifu unaonekana kwenye mianya, kwenye kingo, na kwenye ule ukanda wa chini ambao watu wengi huona ni kioo kilichopotea bure. Katika maduka ya simu ya katikati ya Johannesburg mnunuzi huuliza mbele ya muuzaji: nimelipia kioo kikubwa, kwa nini kibodi imeinuliwa juu na chini kumeachwa eneo la kutosha safu nzima ya vitufe? Swali lake ni la haki na linastahili jibu la kina.

Ubishi huu ulipamba moto mwishoni mwa 2017, iPhone X ilipotoka bila kile kitufe cha mviringo cha chini. Apple iliacha ukanda mpana chini ya kibodi na kuweka humo alama mbili tu, ya emoji au ya kubadilisha lugha upande wa kushoto, na ya maikrofoni upande wa kulia. Mwaka 2019 Android 10 ikaja na uendeshaji wa kutelezesha kidole badala ya vitufe vitatu vya zamani, na simu nyingi zikapata ukanda wa namna hiyo hiyo. Sababu ya kwanza inaeleweka ukiijaribu mwenyewe. Ukingo wa chini wa simu hizi una kazi: kidole kikipanda kutoka hapo unatoka kwenye programu, kikiteleza kando unahamia nyingine. Kitufe cha nafasi kingekaa ukingoni kabisa, ujumbe ungekatika njiani mara kwa mara, kwa sababu kidole gumba hakigongi kama nyundo. Kinagusa huku kikiteleza kidogo.

Sababu ya pili inaonekana vizuri ndani ya teksi za abiria za mji huu. Panda moja pale Bree, jina ambalo watu wameling'ang'ania ingawa barabara sasa inaitwa Lilian Ngoyi, uelekee Soweto. Nauli inapitishwa mbele kutoka siti hadi siti, chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo, na mkono wako mmoja umo kwenye hesabu hizo. Mkono wa pili umeikamata simu kwa nguvu, maana hakuna anayeishikilia kwa ncha za vidole katika mji ambao simu hunyakuliwa. Kidole cha mwisho kimekaa chini yake kama mhimili na kiganja kimepanda hadi kwenye ukingo wa kioo. Katika mshiko huo kidole gumba kinafika katikati ya kioo bila shida, lakini kukikunja hadi kona ya chini, karibu na shina lake chenyewe, ni kazi ngumu inayoumiza kifundo. Ule ukanda mtupu unaipandisha safu ya mwisho hadi mahali ambapo kidole kinakunjika bila kujilazimisha, na unakipa kiganja pa kukaa pasipo kubonyeza chochote.

Basi pima hivi. Shika simu kwa mkono mmoja, umesimama, uandike sentensi nzima. Kifundo kikijikunja kila unapogusa kitufe cha nafasi, ukanda ni mwembamba mno kwa mkono wako. Ukilazimika kuisogeza simu kiganjani ili ufikie q na p, kibodi imeinuliwa kupita kiasi. Kibodi za Gboard na SwiftKey zinakuruhusu kubadilisha kimo cha kibodi na kuinua sehemu yake ya chini, na kwa maoni yangu ruhusa hiyo ina thamani kuliko mapambo yote ya rangi na picha za nyuma. Kibodi ya Apple haitoi mpangilio huo. Wao wamekwisha kuamua kimo kinachofaa mikono yote, na mikono haijawahi kufanana.

Sasa tazama safu ya kati. Safu ya juu ina herufi 10, ya kati ina 9, kwa hiyo kila upande wa safu ya kati unabaki uwazi wa nusu kitufe. Gusa kwa makusudi uwazi ulio kushoto kwa a. Kibodi iliyoundwa na mjuzi itaandika a. Eneo linaonekana tupu lakini limekabidhiwa herufi ya jirani, na kwa mwandishi wa Kiswahili hiyo ni neema, kwani hakuna herufi tunayoitumia zaidi ya a. Andika "tafadhali" na umeigusa mara tatu. Ukigusa pale na kisiandikike kitu, jua kwamba aliyetengeneza alichora vitufe akaishia hapo. Kibodi ya Kihispania hujaza uwazi huo kwa ñ, karibu na l, na ina sababu ya kufanya hivyo, ila inailipia: a ya Mhispania haina tena upenyo wa pembeni.

Mianya kati ya vitufe inaendana na hilo. Simu ya kawaida ina upana wa milimita 70 hivi, kwa hiyo vitufe 10 vinapata milimita 7 kila kimoja, mianya ikiwemo. Google yenyewe inawashauri watengeneza programu wasiweke kitu cha kuguswa kilicho chini ya takriban milimita 9. Yaani kila herufi ya simu iko chini ya kipimo. Kilichoiokoa kibodi ya iPhone ya kwanza, ya 2007, ambayo mhandisi wa Apple, Ken Kocienda, aliishughulikia kwa muda mrefu, ni kamusi inayokisia neno, pamoja na maeneo ya mguso yasiyoonekana ambayo hupanuka na kunywea kulingana na herufi inayotarajiwa. Jambo hili huwezi kuliona dukani. Utalisikia ukiandika haraka kwa Kiswahili huku simu ikikisia Kiingereza: maeneo hayo yanapanukia herufi ambazo hukuzitaka, na kibodi uliyoiona nzuri jana inageuka kuwa nzito.

Hapo tunafika kwenye sehemu tupu mbaya kuliko zote, nayo ni ule ukanda wa juu wa mapendekezo usiokuwa na pendekezo. Afrika Kusini ina lugha rasmi 11 za kuandika, na katika mtaa wa Yeoville hapa Johannesburg utakuta Mkongo wa Bukavu, Mtanzania na Mkenya wakiandikiana Kiswahili huku jirani yao akiandika Kizulu. Kwa lugha ambayo kibodi haina kamusi yake, ukanda huo unabaki mweupe, au unajazwa maneno ya Kiingereza. Umekula sehemu ya ujumbe wako na haukupi kitu. Uzime. Hata kamusi ikiwepo, angalia maneno marefu yanavyokaa. "Hawakunipigia" ni neno moja, na matatu ya urefu huo hayakai vizuri kwenye mstari mmoja. Kibodi ya mjuzi itakupa mawili kamili yanayosomeka. Nyingine itakupa matatu yaliyokatwa katikati.

Urefu huu wa maneno unagusa pia kitufe cha nafasi, na hili sijaona likizungumzwa inavyostahili. Kizulu huandika "ngiyakuthanda", sisi tunaandika "nakupenda", yote kwa neno moja. Sesotho inaandika "ke a o rata", maneno manne kwa maana ile ile, na kitufe cha nafasi kimeguswa mara tatu kabla sentensi haijaisha. Watu watatu wanaokaa jengo moja la mtaa wa Hillbrow wanakihitaji kitufe hicho kwa viwango tofauti kabisa, ilhali kibodi zao zote zina kitufe cha nafasi cha upana wa Kiingereza. Mwandishi wa Sesotho aachiwe upana wote. Mswahili anaweza kutoa kidogo bila kuumia.

Na akitoa, kuna kinachongoja mahali hapo: ritifaa, yaani alama ya ('). Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, kung'aa, zote zinaihitaji, na kwenye simu nyingi imefichwa kwenye ukurasa wa namba na alama. Afrikaans nayo inaihitaji katika 'n, neno linalotokea karibu kila sentensi. Wabunifu wakiambiwa kuhusu sehemu tupu hukimbilia kuongeza emoji, vibonzo na utafutaji, wakati alama ambayo ni sehemu ya herufi zetu haina makao. Nisingeiweka kwenye ukanda wa chini, kwa sababu za vidole na kiganja nilizozieleza. Nisingeiweka karibu na l pia, kwa kuwa safu nzima ingesogea na a ikakosa uwazi wake. Ningekipunguza kitufe cha nafasi kwa upana wa herufi moja, upande wa kushoto, kwa Kiswahili na Afrikaans, na Sesotho nisiiguse.

Waandishi wa Tshivenda wamekuwa na shida kubwa kuliko yetu, wao wenye ḓ, ḽ, ṋ, ṱ na ṅ. Kwenye kompyuta, shirika la Translate.org.za liliwatengenezea kibodi ya Afrika Kusini yenye herufi hizo. Kwenye simu hukaa chini ya d, l, n na t, zikisubiri kitufe kishikiliwe. Kuficha huko nakubaliana nako, mradi ukishikilia d, ḓ itokee ya kwanza, juu tu ya kidole, bila kulazimika kuitafuta kati ya herufi za lugha za Ulaya.

Mpaka wabunifu watakapotupa ritifaa yetu, jifunze njia fupi ya simu yako. Kwenye iPhone bonyeza 123, usiinue kidole, telezesha hadi kwenye ritifaa kisha achia, na herufi zitarudi zenyewe. Kwenye kibodi nyingi za Android shikilia nukta, safu ya alama itafunguka. Ukiwa dukani usikubali kupima kibodi kwa jina lako wala kwa salamu. Andika "ng'ombe wa ng'ambo wameng'oa nyasi", kwa mkono mmoja, uhesabu miguso ya ritifaa peke yake. Ikizidi miwili kwa kila neno, na muuzaji hawezi kukuonyesha njia fupi, omba akuwekee kibodi nyingine kwenye simu hiyo hiyo kabla hujatoa pesa.