Padri Aliyejua Kuasisi Shule

Juni 2013, mjini Lawrenceville, kusini mwa jimbo la Virginia nchini Marekani, Chuo cha Saint Paul's kilifungwa. Kilikuwa kimepoteza ithibati, na fedha hazikutosha. Hesabu ni hesabu, sina la kubishana nazo. Lakini hesabu hazisemi ulikwenda wapi ule ustadi uliokizaa chuo chenyewe. Kuasisi shule ni ufundi kamili, nao una mafundi wake. James Solomon Russell, padri wa Kanisa la Kiepiskopali, alikuwa mmoja wao, na kwangu mimi ni katika walio bora kabisa.

Alizaliwa utumwani, Desemba 1857, katika kaunti ya Mecklenburg. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865 alikuwa na miaka saba, na mtoto aliyezaliwa akiwa mali ya mtu sasa angeweza kushika kitabu bila kujificha. Alisoma Hampton, shule ambayo Booker T. Washington, mwelimishaji mashuhuri, naye aliipitia, kisha akaenda Petersburg kusomea utumishi wa kanisa. Mwaka 1882 akapewa ushemasi, akatumwa Lawrenceville. Upadri aliupata miaka mitano baadaye.

Hapo ndipo ninapopenda kutua. Kijana wa miaka ishirini na minne anafika mahali ambapo watu weusi wengi wanalima kwenye ardhi isiyo yao, wakigawana mavuno na mwenye shamba, na deni la mwaka huu likimeza jasho la mwaka ujao. Kanisa lilimtuma kuhubiri. Akahubiri, akiwazungukia watu vijijini, lakini aliona mapema kwamba muumini asiyeweza kusoma hati ya deni lake bado anaweza kudanganywa. Akaanza na darasa la kanisani. Mwaka 1883 likapatikana jengo dogo la vyumba vitatu, kwa msaada wa padri mmoja wa Philadelphia aliyeitwa James Saul. Vyumba vitatu tu! Russell hakungoja jumba. Alivitumia hivyo hivyo, na darasa lilipokomaa, Septemba 1888, akaanzisha rasmi shule ya ualimu na ufundi, ikiwa na wanafunzi wachache mno; ndiyo iliyokuja kuwa Chuo cha Saint Paul's.

Leo mtu huanza na nembo, jengo la vioo na sherehe ya uzinduzi, halafu ndipo anatafuta walimu. Russell alianza na watu. Majengo yaliyofuata yalikua kadiri watu walivyokua, na mengine waliyajenga wao wenyewe. Ukitaka kumwelewa fundi huyu, fikiria kanisa la ukumbusho lililosimamishwa pale chuoni mwaka 1904, likiwa na nguvu za wanafunzi ndani yake. Kijana aliyepanga tofali asubuhi aliingia darasani kusoma, na Jumapili akasali chini ya paa alilosaidia kuliezeka. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa shule ni ya nani. Anajua kila kona yake, na anajua mkono wake ulipotetereka.

Wala hakuishia kwa vijana. Aliwaita wakulima wa eneo hilo katika mikutano ya kila mwaka, akawahimiza wakimbie madeni na wanunue ardhi yao. Kwake, mzazi anayelima shamba lake mwenyewe ni sehemu ya shule, maana mwanawe hatatolewa darasani kila deni linapodai mikono.

Kisha lipo jambo ambalo watu wengi hulitaja kwa sentensi moja, nami naona ndilo kipimo cha fundi. Mara mbili kanisa lilitaka kumfanya askofu msaidizi, Arkansas na North Carolina. Mara mbili alikataa. Mwaka 1918 vyeo hivyo vilikwenda kwa Edward Demby na Henry Delany, wanaume wenye heshima zao. Russell akabaki Lawrenceville na kazi yake. Tunaishi zama ambazo mkuu wa shule huitumia shule kama ngazi, na kila baada ya miaka michache wanafunzi hujifunza jina jipya la kuandika juu ya barua. Yeye aliongoza hadi 1929, zaidi ya miaka arobaini, na mwanawe James Alvin akapokea usukani. Machi 1935 akafariki.

Shule yake iliishi miaka 125, ikapita kwenye ubaguzi wa kisheria, mdororo mkuu wa uchumi na vita viwili vya dunia. Haikuangushwa na yote hayo, ikaja kufungwa katika nchi yenye utajiri kuliko Russell alivyoweza kuota. Na kijana wa Lawrenceville anayetaka kuwa mwalimu sasa hana budi kuutafuta ualimu nje ya mji ule ule ambao mtoto wa watumwa aliuletea chuo cha walimu.