Neno "Marufuku" na Jirani Zake

Katika mbao za matangazo, huku Mpepai na Mbinga nzima kama kwingineko, hakuna neno lipendwalo kuliko marufuku. Marufuku kupita, marufuku kukata miti, marufuku kuchelewa. Limekuwa jina la kila kizuizi, na kwa njia hiyo sisi walimu twalipoteza neno lenye maana yake maalumu, tena twawachanganya watu katika mambo yasiyo ya mbao.

Tazameni kwanza kitenzi kiandamanacho nalo. Marufuku hupigwa, kama mbiu. Hatusemi kupiga haramu, wala kupiga mwiko. Basi marufuku ina mpigaji mwenye mamlaka, na ina siku yake: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, siku moja kabla yake haikuwa kosa. Tena yule aliyepiga aweza kuondoa. Baba amzuiaye mwanawe kwenda mtoni hakupiga marufuku, amemkataza tu. (Ziko na mbao zisemazo "marufuku kabisa". Marufuku isiyo kabisa ni ipi?)

Mwiko si hivyo. Bibi amwambiaye mkaza mwanawe mwenye mimba asile mayai, ukimwuliza ni nani aliyekataza, hatataja mtu wala mwaka. Atajibu kwamba ni mwiko, wala hatazamii askari, kwa kuwa adhabu yaja yenyewe, nayo humpata mtoto. Mwalimu atakaye mama huyo ale mayai, apate nguvu yeye na mtoto, asidhani kazi yake ni kutangaza kwamba marufuku imeondolewa. Hapana aliyeiweka. Yampasa aketi na yule bibi, wazungumze juu ya hofu yenyewe. Akiishia kwa mama peke yake, mayai yatabaki chunguni.

Haramu ni neno la sheria ya Kiislamu, na kinyume chake ni halali. Lakini uvuvi haramu wasemwa leo kandokando ya Ziwa Nyasa na Wakristo pia. Hatulikatai. Lafaa kwa sumu na baruti, ziuazo samaki wachanga pamoja na wakubwa. Kwa wavu wa matundu madogo, ambao kipimo chake hupangwa kwa kanuni, twaona marufuku yatosha.

Mfano mkubwa wa kuchanganya maneno haya haukutoka shuleni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi masharti: wasiwe na hisa katika kampuni yoyote, wasipokee mishahara miwili au zaidi, wasiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yakaitwa miiko ya uongozi. Yalikuwa na mpigaji, nacho ni chama cha TANU, na yalikuwa na siku yake. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikayalegeza. Mwiko wa wazee haulegezwi kikaoni. Yalikuwa marufuku tangu mwanzo, yamevikwa nguo ya mwiko ili yaogopwe zaidi. Na mwanafunzi aulizaye imekuwaje mwiko ukavunjwa wala asidhurike mtu, swali lake limezaliwa na jina, si na masharti yenyewe.